Kichupa cha Nyuzi

Nilikuwa nimeshaamua kwamba siku ile sitaanza kwa maneno. Nitakiweka kichupa mezani, basi, daktari ajionee. Kilikuwa kichupa cha plastiki cha vidonge, na ndani yake mlikuwa na vipande vya selotepu vilivyobandikwa nyuzi nilizokuwa nikizichomoa kwenye vidonda vyangu kwa kibano. Nyingi zilikuwa za buluu, chache nyekundu, na mmoja mweusi ambao niliuthamini kuliko zote, kwa kuwa niliuona chini ya ngozi isiyokuwa na mchubuko wowote.

Mdogo wangu ndiye aliyenisindikiza. Tukiwa kwenye benchi la kusubiri aliniinamia na kuninong'oneza, "Dada, hicho kichupa kibakie mkobani. Ukikitoa tu, ameshamalizana na wewe."

Alichosema ni kweli, na mimi nilikijua kabla yake. Madaktari wana jina lake kabisa: dalili ya kiberiti. Zamani wagonjwa wa aina yangu walikuwa wakipeleka ushahidi wao ndani ya kisanduku cha kiberiti, yaani vipande vya ngozi, vumbi, vinyweleo, chochote walichoamini kuwa ni mdudu. Ikafika mahali kile kisanduku chenyewe kikawa dalili ya ugonjwa, tena wa akili. Sasa mtu afanye nini? Ukisema una nyuzi, unaulizwa ziko wapi. Ukizileta, umejishtaki mwenyewe. Nilikibeba hivyo hivyo.

Niseme kwa ufupi nilivyofika pale, maana sehemu hii hata mimi imenichosha. Mwasho ulianza kwenye mikono, ukapanda mabegani, ukashuka mapajani. Haukuwa mwasho wa kuumwa na mbu. Ulikuwa wa kitu kinachotambaa, kinasimama, kinadunga, kinaendelea na safari yake. Usiku ndio ulikuwa mbaya. Nilipewa dawa ya upele, nikapaka kuanzia shingoni hadi nyayoni kama nilivyoagizwa, nikafua mashuka yote kwa maji ya moto, nikairudia dawa baada ya wiki. Wapi! Nikapewa mafuta ya aleji, nikapewa vidonge vya kulalia. Daktari mmoja hakuinuka hata kwenye kiti chake. Alinitazama kutoka upande wa pili wa meza, akaandika neno "msongo" kwenye karatasi, akaniambia nipumzike. Mwingine alicheka. Sikuwachukia kwa kukosa jibu. Kilichonikera ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeishika ngozi yenyewe.

Katika kusoma kwangu ndipo nikakutana na Mary Leitao, mama wa Kimarekani ambaye mwaka 2001 aliona nyuzi kwenye kidonda cha mtoto wake wa kiume wa miaka miwili. Mwaka uliofuata akauita ugonjwa ule Morgellons. Jina hilo alilitoa kwenye barua ya tabibu wa Kiingereza, Thomas Browne, iliyochapwa mwaka 1690, inayotaja kwa mstari mmoja tu maradhi ya watoto wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, ambao waliota nywele ngumu mgongoni. Nilipoisoma habari hiyo nililia kwa furaha. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuna watu wengine, kwa hiyo sijaanza kuota mambo. Nakuomba huo mgongo wa watoto wa Languedoc uukumbuke, nitaurudia.

Tukaitwa.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, mikono yake mikavu kwa kuoshwa mno. Nikakiweka kichupa mezani. Mdogo wangu akatazama dirishani.

Mama yule hakuguna. Alikichukua, akakigeuza mwangani, akauliza, "Umezitoa sehemu gani na sehemu gani?" Nikamwonyesha. Akasema, "Haya, kichupa tutakirudia. Kwanza vua blauzi, mwanangu, niione ngozi."

Akaitazama yote. Alianza na kichwa, akazipanua nywele, akashuka shingoni, akaniambia nifungue mdomo, akakagua katikati ya vidole, viganja, kucha, nyayo. Penye kidonda alisimama na kifaa kidogo chenye lenzi na taa, akakiweka juu ya ngozi na kuinama mpaka nikasikia pumzi yake. Hakuwa akisema kitu, isipokuwa mara moja moja "hapa palitoa maji?" au "hiki cha zamani?" Nilikuwa nimeshazoea kutazamwa haraka haraka, kwa hiyo utulivu wake ulinitia wasiwasi. Nikadhani ameona jambo baya.

Alipofika mgongoni akaniomba nipeleke mikono nyuma, kwanza kupitia juu ya mabega, kisha kupitia chini ya kwapa, nijaribu kuishikanisha. Nikajaribu. Akamwita mdogo wangu aje aangalie, kisha akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akanionyesha.

Mabega yalikuwa yamejaa makovu na vidonda. Kiuno vilevile. Ila katikati ya mgongo, baina ya mabega, palikuwa na eneo la ngozi safi, laini, lisilo na doa, lililotanuka pande mbili kama mabawa ya kipepeo. Ni pale pale ambapo mikono yangu haikuweza kufika.

Hakuna aliyesema neno. Hapakuwa na haja ya kueleza. Kama kuna kitu kinachopasua ngozi kutoka ndani, kwa nini kiheshimu mpaka wa vidole vyangu? Watoto wa Languedoc, kwa mujibu wa Browne, nywele ziliwatoka mgongoni. Mimi mgongo ndio ulikuwa mzima. Damu ilinipanda kichwani. Nikavaa blauzi yangu nikijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Sijikuni kwa kupenda. Najikuna kwa sababu nawashwa!"

"Najua," akasema. "Hilo sijakubishia. Vidonda vimetokana na kucha. Mwasho ni habari nyingine. Tusivichanganye."

Nimeshawasimulia watu wengi siku ile, na wengi wanadhani picha ya mgongo ndiyo iliyonigeuza. Hapana. Picha ilinikasirisha tu. Kilichonifanya nisiinuke nikaondoka ni sentensi ile, kwamba vidonda na mwasho ni habari mbili. Kote nilikokuwa nimepita, mambo hayo yalikuwa yamefungwa pamoja: ama vyote ni kweli, ama vyote ni vya kichwani.

Ndipo akakirudia kichupa. Hadubini ilikuwa kwenye kona ya chumba, imefunikwa na mfuko wa plastiki. Akakitandaza kipande cha kwanza cha selotepu juu ya kioo, akarekebisha, akaniita nichungulie. Uzi wa buluu uliokuwa mdogo kuliko kope ukaonekana mkubwa, bapa, umejisokota hapa na pale kama utepe. Akaniambia pamba inajulikana kwa msokoto huo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikata selotepu mpya, akaibandika kwenye mkono wake mwenyewe, mkono mzima usio na kidonda, akaibandua na kuiweka chini ya hadubini. "Chungulia."

Nyuzi za buluu. Mbili nyekundu. Moja iliyokuwa haina rangi, inang'aa.

Mdogo wangu naye akachungulia, akajibandika selotepu yake, akazikuta zake. Wakawa wanacheka wawili. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba zangu hazikuwa juu ya ngozi, zilikuwa ndani ya kidonda, nyingine zimeshika kiasi kwamba nikizivuta nasikia maumivu. Nilidhani nimembana. Akanieleza taratibu: kidonda kinachokunwa kila siku hutoa majimaji yanayonata, majimaji yakikauka yanakuwa gaga, na nyuzi za shuka, za taulo, za nguo, zile zile zinazoelea hewani kila saa, hunasa humo na kufunikwa. Ukija kuvuta, unavuta gaga pamoja na nyama changa iliyo chini yake. Lazima uumie.

"Na huu mweusi?" nikauliza. Huo ndio niliokuwa nimeuwekea akiba.

Aliutazama kwa muda mrefu zaidi. Akanivutia kiti. "Huu si uzi wa nguo," akasema, na moyo wangu ukaruka. "Huu ni unywele wako. Angalia, huo hapo mzizi wake. Uliota ukajikunja chini ya ngozi badala ya kutokea nje." Nikauona mzizi, kijivimbe cheupe mwishoni mwa ule mstari mweusi. Sikuwa na la kusema. Niliukodolea macho kwa hasira, kana kwamba umenisaliti.

Lakini sikuwa nimekwenda pale mikono mitupu, nilikuwa nimesoma. Nikamwambia wako watafiti, Marianne Middelveen na Raphael Stricker wakiwemo, waliochapisha makala wakisema nyuzi hizi si za pamba, bali zimeumbwa na mwili wenyewe kwa keratini na kolajeni, yaani protini zinazojenga nywele na ngozi, na kwamba chanzo ni bakteria wa ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa, alikuwa amezisoma. Akasema hoja yao anaijua, ila imebaki ya kikundi kidogo na madaktari wengi wa ngozi hawajaikubali. Akanikumbusha utafiti mkubwa wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, uliochapishwa Januari 2012, ambao uliwapata watu 115 wenye malalamiko kama yangu miongoni mwa wanachama wa mfuko mmoja wa afya kaskazini mwa California. Hakikuonekana kimelea, hayakuonekana maambukizi yanayowaunganisha, na nyuzi zilizopimwa nyingi zilikuwa selulosi, yaani kitu kinachojenga mimea, inawezekana kabisa ni pamba.

"Kwa hiyo walisema ni wazimu," nikamkatiza.

"Walisema hawakupata chanzo kimoja. Na walisema watu wale maisha yao yameharibika kweli, wanateseka. Hilo nalo limeandikwa, ila watu hawalinukuu."

Nikamuuliza moja kwa moja: basi kwa nini nilianza kuwashwa, siku ile ya kwanza, kabla sijajikuna, kabla hakujawa na kidonda cha kunasa uzi wowote?

Akavua miwani. "Sijui."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea kwa muda. Kisha akahesabu kwa vidole mambo ya kutafuta: figo, ini, kisukari, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma na wa vitamini B12, dawa ninazotumia kwa mambo mengine, vileo. Vyote hivyo vinaweza kumwasha mtu bila kuacha alama kwenye ngozi, na kwa mshangao wangu vipimo vingi kati ya hivyo hakuna aliyekuwa amewahi kuniandikia. Akaongeza kwamba ngozi inayokunwa kwa muda mrefu inakuwa nene, na neva zake zinakuwa wepesi wa kushtuka, hata mguso wa shuka ukawa mwasho. Hapo mwasho unajiendesha wenyewe hata kama kilichouanzisha kimeshaondoka zamani.

Halafu akafika kwenye dawa, na hapa ndipo tulipogombana.

Alisema atanipa mafuta mazito ya kulainisha ngozi, dawa ya kupaka kwenye vidonda, na kidonge kimoja cha usiku, risperidone, kwa kiwango kidogo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ukifika nyumbani utaisoma karatasi iliyo ndani ya boksi, na utakuta imeandikwa skizofrenia, ugonjwa wa akili. Nakuambia mwenyewe sasa hivi ili usije ukasema nilikuficha. Wenye ugonjwa huo wanapewa kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa watu wenye shida kama yako, kiasi kidogo kinawasaidia wengi. Kinaweza kukutia usingizi. Kinaweza kukunenepesha. Tutakupima."

"Kwa hiyo na wewe unasema nina kichaa."

"Nasema una mwasho usiokuachia ulale, na nina kidonge kinachoweza kuupunguza."

Nikakataa. Nilikataa kwa maneno ambayo mdogo wangu ananikumbusha hadi leo akitaka kunichokoza. Yule mama hakubishana. Alikiandika kidonge kwenye karatasi yake tofauti, akanikabidhi, akasema ni ya kwangu, niitumie nikitaka au niiache. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akachagua kidonda kimoja karibu na kiwiko, kikubwa, kile nilichokuwa nakichokonoa kuliko vyote. Akakisafisha, akakipaka dawa, akakifunika kwa bandeji isiyopitisha hewa, akaandika tarehe kwa kalamu, nusu kwenye bandeji na nusu kwenye ngozi. Ikifunguliwa na kurudishwa, maandishi hayatakaa sawa. "Hiki kimoja tu," akasema. "Vingine fanya utakavyo. Hiki niletee kama kilivyo."

Nikaiona ni jeuri. Nikaipenda pia, maana ulikuwa mtihani wa haki: kama nyuzi zinatoka ndani, zitakutwa chini ya bandeji, na atakayeifungua ni yeye, si mimi.

Kutoka pale tukatembea kimya mpaka nje ya lango. Mdogo wangu akaanza, "Dada, umeona lakini ule mgongo..." Nikamwambia nimeuona, na asiutaje tena siku hiyo. Akanyamaza. Kichupa kilikuwa kimebaki mezani kwa daktari. Sikukisahau. Nilimwachia kwa makusudi, kwa sababu nilitaka awe nacho atakapogundua kwamba nilikuwa sahihi.

Usiku wa kwanza chini ya bandeji ulikuwa mateso. Pale pale kwenye kiwiko ndipo kila kitu kilipokusanyika, kutambaa na kudunga, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeushikilia mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Nilipiga kofi juu ya bandeji, kwa kuwa kofi hakunikataza. Siku zilizofuata mwasho wa pale ukapungua kidogo kidogo, huku sehemu nyingine zote za mwili zikiendelea kama kawaida.

Niliporudi, tarehe ilikuwa imefifia ila mistari yake imekaa sawa. Akaifungua polepole mbele ya wote wawili, akaitazama kwa lenzi yake. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya, ya waridi, inang'aa, haina gaga. Hapakuwa na uzi wa buluu wala mwekundu. Pembeni kabisa palikuwa na mmoja mweupe, nikaunyooshea kidole kwa ushindi. Akauinua kwa kibano, akauweka kwenye hadubini kando ya uzi aliouchomoa kwenye roli la bandeji yake. Walikuwa mapacha.

"Sawa," nikasema. "Lakini nilikuwa nawashwa hapo wakati kidonda kinapona. Na bado nawashwa kwingine."

"Sawa," naye akasema. "Hilo nimeliandika."

Majibu ya damu yalikuwa yamerudi. Madini ya chuma yalikuwa chini, mengine yote yalikuwa mazima, na kipimo cha Lyme, alichokuwa amekiongeza kwa sababu nilikitaja, hakikuonyesha kitu. Akanipa vidonge vya chuma. Nilivimeza wiki nyingi kwa matumaini makubwa, kwani huo ulikuwa ugonjwa wa heshima, mtu anaweza kuutaja mbele za watu. Mwasho ulishuka kidogo sana, au nilijidanganya. Ile karatasi ya risperidone ilikuwa bado imekunjwa ndani ya mkoba. Usiku mmoja nilipojikuta nimejichana paja hadi damu ikaingia kwenye godoro, asubuhi yake nikaenda kukinunua kile kidonge. Kijana wa duka la dawa aliisoma karatasi, akaniangalia, akaisoma tena. Nikamwambia ni ya kwangu.

Kilinisaidia. Si siku ile, wala wiki ile, lakini kuna asubuhi niliamka nikatambua kwamba nimelala usiku kucha. Kule kutambaa kukawa kwa mbali, kisha kwa nadra. Nilinenepa, kama alivyosema.

Mdogo wangu anaona hapo kesi imekwisha: kidonge cha akili kimetibu, basi ulikuwa ugonjwa wa akili. Mimi sikubaliani naye na tumeacha kubishana juu ya hilo, angalau mezani. Nilimpelekea daktari hoja yenyewe aamue. Alisema kidonge kusaidia peke yake hakithibitishi kilichoanzisha ugonjwa, na hapo nikajiona nimeshinda. Halafu akaongeza kwamba hakithibitishi pia kuwa kulikuwa na kitu kwenye ngozi. Kwenye faili langu ameandika jina la kitaalamu la watu wanaoamini wameingiliwa na wadudu au vitu mwilini, lile alilolieleza Msweden Karl-Axel Ekbom mwaka 1938, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza. Alama hiyo niliiomba mimi. Alifikiri kidogo, akaiweka, akasema kwamba hata yeye haimsumbui.

Kiwango cha dawa tumekipunguza mara kadhaa tangu hapo. Tukikipunguza mno, mikono inaanza. Nyuzi nazikubali kuwa ni za nguo; sizichomoi tena, na kibano nimempa mdogo wangu atengenezee nyusi zake. Kuhusu siku ile ya kwanza ya mwasho, kabla ya kucha kugusa chochote, kila ninapokwenda kliniki namuuliza kama kuna lolote jipya lililoandikwa. Mara ya mwisho alinipa makala moja niende nayo nyumbani, inahusu neva za ngozi. Nimefika katikati na nimeshapigia mstari mambo ya kumuuliza.